Alinifundisha Yeye, Tuzo Nikapewa Mimi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 23, nasoma mwaka wa tatu, shahada ya ualimu, katika chuo kimoja hapa Mtwara. Nakuandikia usiku, mama mdogo ameshalala. Cheti nilichopewa mwezi uliopita nimekigeuza kikatazama ukuta, maana kila nikikiona kitabu hakisomeki.

Ni cheti cha mwanafunzi bora wa mwaka wa pili katika kozi yetu. Nilipata GPA, yaani wastani wa masomo yote, ya 4.5 kati ya 5. Niliitwa mbele, nikapewa na bahasha ya shilingi laki tatu, mama mdogo akapiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Furaha iliisha niliporudi kukaa nikamwona Somoe anapiga makofi.

Somoe si jina lake, ila naomba nimwite hivyo. Tulikutana kwenye foleni ya usajili mwaka wa kwanza, yeye kashika ndoo yenye vyombo, anaulizia kalamu. Kuanzia hapo tukawa kitu kimoja. Mama, mimi na Somoe si kwamba tulisoma pamoja tu, yeye alinifundisha. Isimu ilikuwa inanipiga chenga vibaya. Siku moja alichukua kipande cha chaki akaandika kwenye sakafu ya varanda ya maktaba neno "hatutawapigia", akalikata vipande saba, akaniambia, "Usikariri majina. Uliza kila kipande kinafanya kazi gani." Swali la namna hiyo likatoka kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semesta, nikalipata lote. Diskasheni za kundi letu zote aliongoza yeye. Mwaka wa kwanza alinipita: yeye 4.4, mimi 4.3.

Ila maisha yetu hayafanani. Mimi nakaa Shangani kwa mama mdogo. Nina chumba changu, nina kompyuta, umeme ukikatika kuna sola, na mitihani ikikaribia mama mdogo haniruhusu hata kuosha sahani. Somoe kapanga geto Magomeni na wenzake wawili. Kwao ni kijijini, Tandahimba. Baba yake alipooza upande mmoja tulipokuwa tunamaliza mwaka wa kwanza, na yeye ndiye mtoto mkubwa. Kwa hiyo msimu wa korosho, kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, anapanda gari kwenda kuokota na mama yake, anarudi Jumatatu alfajiri na vumbi kwenye kope. Mkopo wake haufiki hata nusu ya ada, inayobaki inatoka kwenye hizo korosho. Bumu nalo, ile posho ya kujikimu ya mkopo, likiingia linagawanywa, jingine linakwenda kwenye dawa za baba.

Sasa nakuja kwenye kinachoniumiza. Novemba ya mwaka wa pili tulikuwa na testi ya alama 15, imepangwa Jumatano. Jumapili saa mbili usiku CR, mwakilishi wa darasa letu, akatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: mwalimu anasafiri, testi ni kesho asubuhi. Somoe alikuwa kijijini, na safari hiyo aliaga kwamba atarudi Jumanne kwa sababu Jumatatu walikuwa wanapeleka mzigo ghalani kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kwao mtandao ni wa kubahatisha, na chaji ya simu ni ya kulipia dukani. Nilimtumia ujumbe, ukakaa tiki moja. Nikasema ataona. Nikafungua madesa nikaanza kukesha.

Lakini namba ya mjomba wake, mwenye hilo duka, ambaye simu yake haizimi, nilikuwa nayo. Somoe mwenyewe aliniandikia kwa penseli nyuma ya kaunta buku langu, akasema, "Likitokea lolote, piga hapa." Niliikumbuka usiku uleule. Sikupiga. Mpaka leo sijui kwa nini, au najua ila sitaki kusema.

Alikosa testi, akawekewa sifuri. Mwalimu alimwambia tangazo lilitolewa. Kozi ile alimaliza na 58, ikawa B, na mwaka wa pili akatoka na 4.2. Hajawahi kuniuliza kuhusu ile namba.

Tangu siku ya tuzo naona ananikwepa. Nilimpelekea nusu ya pesa, akairudisha kwenye bahasha ileile, akasema, "Hiyo yako, umeisotea." Na juzi nimeombwa na ofisi inayoshughulikia wanafunzi nizungumze Januari na mwaka wa kwanza, mada yenyewe "Siri ya Mafanikio Yangu". Nikisimama pale nitasema nini? Nikatae? Nimwambie Somoe ukweli nimpoteze? Nirudishe cheti? Nisaidie, Mama.

Mwenye Cheti, Shangani, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na karatasi na kalamu pembeni, na utaona kwa nini. Kwanza nikushukuru kwa ile sentensi ya "najua ila sitaki kusema". Wengi wangeiruka.

Nikikuelewa vizuri, umefunga mambo mawili kwenye fundo moja la kanga. La kwanza ni kwamba umepewa tuzo ukiwa na nafasi ambazo mwenzio hana. La pili ni simu ambayo hukupiga. Kwa sababu yamekaa pamoja, moja limelichafua jingine, na sasa hata chakula cha mama mdogo wako unakiona kama kosa. Tulifungue fundo hilo taratibu.

Nilisahihisha mitihani ya chuo kwa miaka mingi kabla sijastaafu na kurudi kwetu Lindi. Karatasi ya mtihani ina mahali pa kuandika namba ya mtahiniwa, haina mahali pa kuandika umelala saa ngapi. Niliona wanafunzi wa akili kali wakiandika ukurasa wa kwanza kama dhahabu, na wa nne unayumba, maana tangu jana hawajala kitu cha maana wakisubiri bumu. Hata anayepata kamili ile shilingi 10,000 ya Bodi ya Mikopo kwa siku, ya chakula na malazi, siku akiigawa na mgonjwa nyumbani inakuwa elfu tano, na elfu tano Magomeni haikufikishi usiku ukiwa na nguvu ya kushika kitabu. Kuna utulivu wa chumba, kuna kompyuta ya kwako ambayo huisubirii zamu, kuna mtu wa kukuambia "acha sahani, kasome". Kuna Kiingereza pia, ambacho wengi wetu kutoka shule za vijijini huku kusini tunaanza kupambana nacho kwa dhati tukiwa tayari chuoni. Vyote hivyo vinaingia kwenye GPA bila kuandikwa jina.

Na huku kwetu kuna korosho. Mtu wa mbali hawezi kulielewa hili kama sisi. Mikorosho inaangusha kuanzia Oktoba, na chuo nacho kinafungua Oktoba au Novemba. Semesta ya kwanza yote inalala juu ya msimu. Mzigo ukifika ghalani unasubiri mnada, malipo yanakuja baadaye, ndivyo ilivyo tangu mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulipoanza msimu wa 2007/08. Kwa hiyo Somoe anapokwenda Tandahimba Ijumaa hakimbii masomo. Anakwenda kuitafuta ada ya kukaa kwenye hayo masomo. Kwa maoni yangu, na nayasema kwa uchungu wa mwalimu, kuhamisha testi kwa ujumbe wa Jumapili usiku, katikati ya Novemba, Mtwara, ni kuwasahau wanafunzi wa aina ya Somoe. Aliyetoa tangazo hilo ana sehemu yake katika jambo hili, na sioni ukiitaja mahali popote. Umeibeba wewe.

Je, hii ina maana kwamba 4.5 yako si halali? Hapo nitakuuliza taratibu. Kitanda cha mama mdogo hakikukujibia swali hata moja. Ni wewe uliyekaa na vile vipande saba vya neno mpaka vikaeleweka. Nafasi nzuri haisomi kwa niaba ya mtu, inampunguzia tu vya kumkatiza. Wapo waliokuwa na vyumba vizuri kuliko chako na wakapata 2.9. Na usisahau, Somoe alipokuwa anakufundisha hakuwa anatoa sadaka ya upande mmoja. Anayemweleza mwenzake somo kwa chaki analielewa mara mbili. Mlikuwa mnajengana.

Sasa ile karatasi na kalamu. Unasema testi ilimnyima Somoe, na barua nzima inasomeka kana kwamba ilimnyima tuzo. Nimepiga hesabu kwa kudhani mna kozi kumi kwa mwaka, zenye uzito sawa. Alipata 58 bila testi. Tuseme angefanya testi akapata 12 kati ya 15, ambayo kwake si ndoto. Angefika 70, yaani A, pointi tano badala ya tatu za B. Pointi mbili hizo ukizigawa kwa kozi kumi ni 0.2. GPA yake ya mwaka ingekuwa 4.4. Wewe una 4.5. Tuzo ingekuja kwako bado.

Ningependa niishie hapo nikuache ulale, lakini hesabu hiyohiyo inaendelea. Daraja la kwanza la shahada linaanzia 4.4, kwa wastani wa miaka yote mitatu. Mwaka wa kwanza alipata 4.4. Mwaka wa pili angepata 4.4 nyingine, mwaka huu angehitaji 4.4 tu kubaki palepale, mathalani A nne na B+ sita, B+ ikiwa pointi nne. Kwa 4.2 aliyonayo, anahitaji 4.6, yaani A sita na B+ nne. Na vyuo vyetu vingi hukata GPA kwenye desimali moja, havipandishi. Mwenye 4.39 anasomwa 4.3. Kwa hiyo, mwanangu, tuzo unayoililia haikuchukuliwa na testi ile. Ilichochukua ni nafasi ya kupumua mwaka wa tatu, na hilo hujalitaja. Nakueleza si kukuongezea mzigo. Nakueleza kwa sababu kurudisha cheti hakumrudishii Somoe hata A moja, na kwa sababu lililopotea bado halijafungwa. Mwaka ndiyo kwanza umeanza. Na hata akitoka na 4.3, nafasi ya ukufunzi msaidizi vyuoni huanzia 3.8. Mwenye kufundisha vile kwenye sakafu ya varanda, mlango huo uko mbele yake.

Twende kwenye simu. Siwezi kukuambia nini kilikuwa moyoni mwako usiku ule. Inawezekana ulikuwa umechoka na woga wa testi umekujaa, ukaona tiki moja ukajiambia umetimiza. Inawezekana pia kwamba kwa dakika moja ulikumbuka 4.4 na 4.3. Watu wema hupitiwa na dakika kama hizo. Walimu wenzangu wamepitiwa nazo, nami zimenipitia. Yapo mashindano ambayo chuo kinayapanda katikati ya marafiki kwa kutoa tuzo moja kwa watu waliosoma kwa chaki moja. Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliandika mwaka 1968 kuhusu sifa na tuzo za wanasayansi, kwamba aliyekwisha kujulikana huzidi kuongezewa na ambaye hajajulikana husahaulika hata kwa kazi waliyofanya pamoja. Jambo hilo akaliita kwa jina la Mathayo, kwa ile aya ya Injili kwamba mwenye kitu ataongezewa. Wewe umeshaanza kuongezewa: cheti, bahasha, sasa na jukwaa. Nadhani hicho ndicho kinachokukosesha usingizi, unaona kinavyokua.

Ukimwambia Somoe ukweli, unaweza kumpoteza. Sitakuficha. Anaweza kukasirika kwa haki kabisa, na hasira hiyo ikamkuta wiki za UE, akiwa anazitafuta hizo A sita. Jiulize basi, ungemwambia leo kwa ajili yake au kwa ajili ya usingizi wako? Ukisubiri mitihani ya semesta iishe, unamlinda, lakini kila siku mnayokaa meza moja ukimya unazidi kuwa mzito, na ipo hatari asikie kwa mwingine. Mjomba wake anaweza kusema tu siku moja, "Mbona hawakunipigia?" Pengine hata ameshasema. Ukiamua kumwambia, sema ulichofanya na usimalizie kwa kuomba akusamehe palepale. Mwachie muda wake. Ukiamua kutosema, basi jua unachokibeba na usikilipie kwa bahasha.

Maana ile bahasha, nadhani, ndiyo iliyomwumiza. Wewe ulipeleka nusu ya furaha yako, ila yeye huenda aliona malipo ya kumfundisha rafiki, na alikuwa hajakudai. Kuna misaada ambayo hairudishwi kwenye bahasha. Msimu haujaisha. Ijumaa moja ukapanda naye gari, mkapita Nanguruwe na Mnivata mkaenda kuokota, huku madesa yako kwenye mkoba, unadhani angekataa? Sijui. Pengine angeona aibu ya kukulaza kwao. Muulize. Na akirudi Jumatatu na vumbi kwenye kope, maandishi ya alivyovikosa yawe yanamsubiri bila yeye kuomba.

Hapo hapo, una uhakika kweli kwamba anakukwepa? Baba yake anaumwa, msimu uko juu, ada inadaiwa. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kukaa varandani hata na asiyemkosea. Umeusoma uso wake kwa macho ya mtu mwenye siri. Na kuhusu ile sifuri, je, kuna aliyemsindikiza kwa mkuu wa idara kueleza kilichotokea? Kanuni za vyuo vingi zina nafasi kwa aliyekosa jaribio kwa sababu ya msingi, lakini anayetoka familia isiyojua chuo mara nyingi hukubali neno la kwanza aliloambiwa. Kwa matokeo yaliyokwisha kupitishwa ni vigumu, na kesi hiyo ni yake, si yako kuifungua bila ridhaa yake. Lakini kwa msimu huu, kumwomba CR matangazo ya ghafla yafike pia kwa simu ya kupiga, hilo unaweza kulisema kesho asubuhi.

Mhadhara wa Januari umekuweka njia panda, nami naona pande zote mbili. Ukikataa, wataitwa wengine watakaowaambia wale watoto kwamba siri ni kuamka saa kumi na kumwomba Mungu, na yule aliyefika Mtwara na ndoo yake ataamini kwamba akishindwa ni uvivu wake. Ukikubali, unaweza kubadilisha mada, ukaeleza sola na sahani na chaki, kwa majina yao. Lakini baba aliyepooza na korosho za Tandahimba si vyako kuvisimulia ukumbini. Kundi lenu ni dogo, hata ukificha jina watamjua. Ukitaka aingie kwenye hadithi hiyo, aingie kwa kauli yake. Pengine yeye mwenyewe angependa kusimama nawe pale mbele na kipande cha chaki. Pengine hataki kabisa kuonekana. Jibu lake, liwe lipi, litakupa habari nyingi kuliko nilizonazo mimi.

Cheti kigeuze kiangalie chumba au kiangalie ukuta, vyovyote utakavyoona unaweza kusoma. Na lile kaunta buku litafute kabla hujalala. Penseli inafutika kwa kushikwashikwa. Ihamishie namba ya mjomba kwenye simu yako usiku huu, maana Jumapili hii Somoe atakuwa kijijini, na CR wenu bado ni yuleyule.

Mama Mshauri, Lindi